Nafundisha Kiunguja, lakini bandarini mimi ni mgeni wa dola 35

KWA MHARIRI,

Kila likizo inapokaribia, magazeti hutuletea ile picha ya Zanzibar: mchanga mweupe, maji ya samawati yamejaa hadi kwenye ngazi za hoteli, na bei imeandikwa kwa herufi nene chini yake. Bei hiyo huanzia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Sisi wa Kitale hatuanzii hapo. Tunaanzia stendi ya mabasi, usiku, na blanketi begani, na ndiyo maana nimeona niwaandikie.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, tena mwekahazina wa chama cha akina mama wanane. Nimefundisha miaka 22. Kila mwaka huwaambia wanafunzi kwamba mnamo 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja, yaani lahaja ya Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wanaandika, nasahihisha, natia vyema. Siku moja mtoto wa Gredi ya Saba akaniuliza, "Mwalimu, umewahi kufika huko Unguja?" Nilimwambia afungue ukurasa unaofuata.

Chama chetu ni kama vyama vingine. Mwaka mmoja sufuria, mwaka mwingine magodoro, mwaka wa tatu matangi ya maji. Januari 2024 nikasimama nikasema matangi tunayo, twende Zanzibar. Wawili walicheka, mmoja akauliza kama huko kuna kanisa. Tukakubaliana Sh500 kila Jumamosi baada ya soko. Kuanzia 3 Februari 2024 hadi 26 Julai 2025 ni Jumamosi 78, yaani Sh39,000 kwa kila mtu. Nilipoziandika kwenye daftari niliziona ni pesa nyingi sana.

Kosa letu la kwanza lilitokana na offa. Wakala mmoja wa Nairobi alitutumia tangazo kwenye WhatsApp: siku nne Zanzibar, nusu bei, Aprili. Aprili shule zimefungwa, kwa hiyo niliona Mungu ametukumbuka. Nusura tutume arbuni, yaani malipo ya kushikilia nafasi. Kabla ya kutuma, nikampigia wifi yangu anayekaa Likoni, Mombasa.

"Wifi, Aprili ni masika," akasema. "Mwaenda kuoga mvua?"

Kumbe nusu bei ina sababu yake. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, hoteli nyingine za ufukweni hufunga milango wakati huo, na zinazobaki wazi hushusha bei. Wakala hakusema uongo, alinyamaza tu. Kalenda ya shule za Kenya inatupa likizo tatu: Aprili ni masika, Agosti ni upepo wa kusi, na Novemba tunaikuta vuli haijaisha. Desemba ni kaskazi na jua kali, lakini ndipo Wazungu nao wanapokuja na bei inapaa. Tukachagua Agosti.

Wifi akaniuliza tena, "Na mwezi mumetizama?"

Nikamjibu, mwezi wa nane. Akacheka hadi simu ikakatika. Alikuwa akiuliza mwezi wa mbinguni.

Nitaurudia mwezi huo. Kwanza makaratasi, maana hapo ndipo watu wa bara tunapokwama. Sisi wa Trans Nzoia tumezoea mpaka wa Suam. Unavuka kwenda Uganda kwa kitambulisho tu, kama ilivyokubaliwa kati ya Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014, unanunua unachonunua na jioni uko nyumbani. Kwa hiyo watano kati yetu hawakuwa na pasipoti na wala hawakuona haja. Jumuiya ni moja, walisema. Lakini Tanzania haimo katika mpango huo wa kitambulisho. Viza Mkenya haihitaji, pasipoti anahitaji, au kibali cha muda cha safari. Tukaamua pasipoti, Sh7,500 kila mmoja, na safari za Eldoret zisizohesabika, kwa sababu mwenzetu mmoja ana jina la ubatizo katika cheti cha kuzaliwa na jina la ndoa katika kitambulisho. Pesa hizo hazikuwa kwenye zile Sh39,000. Kila mtu alijitafutia.

Halafu kadi ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya huulizwa, na chanjo lazima iwe imefikisha siku 10 kabla ya kuingia. Mmoja wetu alichanjwa 2013 alipokwenda Juba kufanya kazi ya jikoni, na kadi yake imeandikwa kwamba muda wake ni miaka 10. Wakala yuleyule wa offa alimwambia achanjwe upya. Nilikataa. Tangu 11 Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaihesabu chanjo hiyo kuwa ya maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa vingine. Pale Horohoro, mpakani upande wa Tanzania, ofisa aliigeuza kadi mara mbili, akamrudishia. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Sasa nifike panaponiuma.

Mwezi Juni tuliketi kupiga hesabu ya mwisho. Basi Kitale hadi Nairobi, treni ya SGR ya daraja la kawaida Sh1,500 hadi Mombasa, kulala kwa wifi bure, basi la Mombasa hadi Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga na Tanga, usiku mmoja Kariakoo, boti. Kwenda na kurudi. Ndipo mwalimu mwenzangu aliyekuwa akisoma kwenye simu akanyanyua kichwa: "Mmehesabu bima?" Bima gani?

Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipa bima ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, na bima uliyokata kwenu haihesabiki. Na boti? Tulikuwa tumeweka bei aliyotuambia Mtanzania mmoja, ya shilingi zao. Mgeni analipa dola 35 kila safari, zaidi ya mara mbili ya bei ya mwenyeji. Dola 70 kwenda na kurudi, jumlisha 44, zinakuwa 114. Wakati huo dola ilikuwa Sh129. Kwa watu wanane ni zaidi ya Sh117,000, pesa ambazo katika daftari langu zilikuwa zimeandikwa sehemu tu.

Kila mmoja akatakiwa kuongeza Sh6,000. Saba tulizipata, wengine kwa mkopo. Wa nane, mjane anayeuza omena, hakuzipata. Tulijitolea kumchangia, akakataa. Alisema hajawahi kwenda matembezi kwa deni na haanzi uzeeni. Nikamhesabia Sh39,000 zake mkononi. Alizimalizia palepale wiki ile kwa ndama jike, na amempa jina: Unguja. Kila nikipita kwake asubuhi namsikia akimfokea Unguja atoke kwenye sukuma wiki.

Tuliondoka saba, usiku wa Jumapili tarehe 3 Agosti. Barabara sitaisimulia, aliyewahi kuketi kwenye basi kutoka Kitale anaijua migongo yetu. Mombasa wifi alituandalia mahamri na mbaazi na kutuonya tule kidogo asubuhi ya boti. Alikuwa na woga wake. Watu wa Pwani hawajasahau MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wala MV Skagit iliyozama Julai 2012, msimu huuhuu wa kusi. Boti za siku hizi ni nyingine, za mwendo wa saa mbili hivi, na abiria huhesabiwa kwa majina. Hata hivyo wawili wetu walishika rozari tangu nanga hadi nanga.

Hapo ninalo jambo la kumwambia mtu wa bara. Agosti upepo wa kusi unatoka kusini. Kutoka Dar kwenda Unguja boti inaelekea kaskazini, upepo uko mgongoni, unabembelezwa. Kurudi unakutana nao uso kwa uso. Sisi tulikwenda tukiimba nyimbo za ushirika na kurudi kila mmoja na mfuko wake wa karatasi. Dawa ya kichefuchefu inunuliwe kwa ajili ya kurudi.

Lakini kabla ya boti kuna dirisha la tiketi. Nilipanga foleni kwa niaba ya wenzangu. Nikamsalimu yule kijana, nikamwambia kwa Kiswahili ambacho nimekisahihisha kwa kalamu nyekundu maisha yangu yote kwamba tunaomba tiketi saba za kwenda na kurudi. Akatabasamu.

"Shikamoo mama. Kiswahili chako kizuri. Mnatoka wapi?"

"Kenya, Kitale."

"Karibuni sana. Wageni ni dola thelathini na tano."

Simlaumu, alikuwa na adabu kuliko makarani wengi wa kwetu. Lakini nilisimama pale nikamtazama baba mmoja mbele yangu akilipa kwa shilingi na kuondoka, mwenye lafudhi nzito kuliko yangu, nikakumbuka kalamu nyekundu. Tuliposhuka Malindi, si ya kwetu bali bandari ya Unguja, tukapanga foleni nyingine ya uhamiaji, pasipoti zikatazamwa tena ingawa tulikuwa tumeshaingia Tanzania jana yake. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Kwani tumetoka Tanzania?" Nikamweleza habari za Muungano wa 1964 tukiwa kwenye foleni, kwa sauti ya chini, nikijihisi niko darasani.

Mji Mkongwe tulikaa siku mbili. Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ya 1883 ambayo sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya 2020, tuliitazama kwa nje tu. Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa hadi 1873, aliyekuwa ameuliza kama kuna kanisa alikaa kimya muda mrefu na hatukumharakisha. Jioni Forodhani. Niliagiza urojo nikasema, "Nipe moja." Muuzaji akanitazama kwa huruma akasema, "Mama yangu, huku twasema naomba." Basi mwalimu nikasahihishwa mimi, hadharani, na bakuli nikapewa limejaa hadi pomoni. Sh39,000 zilianza kunirudia.

Jumamosi tarehe 9 tukapanda daladala kwenda Paje. Ukipita msitu wa Jozani, tazama dirishani, kima punju huvuka barabara kama watoto wa shule. Saa nne asubuhi tukafika, tukatupa mizigo, tukakimbia ufukweni na leso zetu kiunoni.

Bahari haikuwepo.

Nasema kweli. Mchanga, vidimbwi, majani, halafu mstari mweupe wa mawimbi mbali kule kwenye mwamba, kama mtu anayesimama Kitale akitazama Mlima Elgon. Mmoja wetu aliniuliza, mimi mwekahazina, bahari iko wapi. Ndipo nikalikumbuka swali la wifi kuhusu mwezi. Usiku ule ulikuwa wa mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inakuwa katika bamvua: inajaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Katikati ya hapo ndipo maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Na pwani ile ya mashariki, siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, yakajaa karibu saa kumi jioni. Picha zote za magazeti hupigwa saa kumi. Anayetaka kuogelea asubuhi na apange safari yake siku za maji mafu, au akae upande wa Nungwi, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali hivyo.

Lakini nisingetaka tufike siku nyingine. Maji yakipwa hivyo ndipo akina mama wa mwani wanaposhuka. Kilimo hicho kilianza huko Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Walikuwa wameinama kwenye maji ya magotini, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi vya miti, safu kwa safu kama shamba la maharagwe. Sisi wakulima wa mahindi tulielewa mara moja. Tuliuliza kama wavamizi ni ndege (ni samaki), kama bei inapangwa na mnunuzi (ndiyo, kama kwetu), kama waume wanasaidia (wakacheka kwa pamoja). Waliposemezana wao kwa wao sikuelewa nusu. Kiunguja cha kitabuni ni cha mjini. Huku kusini mashariki kuna vijilugha vyao. Miaka 22, Mhariri.

Mwenzetu mmoja alikanyaga mnyama wa miiba kwenye mwamba. Ile bima ya dola 44 ilikuwa kwenye simu yangu, imelipwa, ina namba. Aliyemhudumia ni mama wa mwani, kwa utomvu wa papai bichi na maneno ya kumtania. Bima yenyewe siidharau, huenda siku moja ikamwokoa mtu. Nasema tu kwamba haikuhusika.

Jumapili tarehe 10 tulikuta vijana na wazee wamejazana mbele ya televisheni penye kahawa. Ilikuwa CHAN, mashindano ya soka ya Afrika, na uwanja wa Amaan hapo Unguja penyewe pia palikuwa pakichezwa mechi za kundi jingine, ndiyo sababu vyumba vya mjini vilikuwa adimu. Siku ile Kenya ilicheza na Morocco Kasarani. Ogam alipofunga, wazee wa Paje waliruka kuliko sisi. Harambee Stars ilibaki na wachezaji kumi na bado ikashinda 1-0. Mzee mmoja akatununulia kashata sote saba akisema, "Nyinyi jirani zetu, raha yenu raha yetu." Siku mbili baadaye tuliingia tena kwenye boti kwa bei ya wageni.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010. Hifadhi ya Serengeti, ndani ya jamhuri hiyohiyo, ina bei ya raia wa Afrika Mashariki, tena kwa shilingi. Simba wananitambua kuwa ni jirani. Kwa nini bahari isinitambue? Siombi bei ya Mtanzania. Yeye ndiye analipa kodi ya bandari ile, na kisiwa kina haki ya kula kutokana na uzuri wake. Naomba daraja la katikati, kwenye boti na kwenye bima, la Mkenya wa Kitale, Mganda wa Mbale, Mrundi wa Rumonge. Mtu wa ndege hatazihisi hizo dola 114. Mtu wa basi ndizo zinazoamua kama atakwenda au atanunua ndama.

Nanyi wahariri, mkichapisha tena picha ile, wekeni chini yake bei ya kutoka Kitale, Busia au Garissa, pamoja na bima, boti, pasipoti na chanjo. Wekeni na siku ya mwezi. Vyama vitatu vya hapa mjini vimeshakuja kuniuliza, na kimoja tayari kimeonyeshwa offa ya Aprili.

Chama chetu kimeanza tena Sh500 tangu Januari. Mama wa omena naye anachanga, ingawa anasema hatoki hapa kabla Unguja hajazaa. Mara hii nimefungua daftari jipya, na dola 114 nimeziandika kwenye mstari wa kwanza, juu ya jina la kisiwa.

Mwekahazina wa chama,
Kitale